Poda Juu ya Injini

Geji ya joto ya gari iligonga mwisho saa tano asubuhi, katikati ya jangwa, na wingu jeupe likafunika kioo cha mbele. Mbele ya mkunga na shemeji yake zilibaki kilomita sitini za changarawe. Kule mwisho, kwenye kambi ya wachimba chumvi, mdogo wa kike wa mkunga huyo alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, mtoto katanguliza makalio, na mkunga mwingine hakuwepo.

Shemeji, baba wa huyo mtoto, aliruka chini akashika kifuniko cha rejeta.

"Usifungue, Shemeji!"

Alishafungua. Maji yaliruka yakamchoma kiganja, akapiga yowe lililosikiwa na mawe peke yake. Mkunga alimfunga kidonda. Maneno alikuwa nayo, ila aliyaweka akiba.

Injini ilipopoa walikuta povu kila mahali.

"Umeweka nini humu?"

Shemeji akajikuna kichwa. "Sabuni. Mpira wa rejeta ulikuwa unavuja kidogo. Tangi la petroli nililiziba kwa sabuni, mwaka mzima halikudondosha hata tone."

"Petroli haiyeyushi sabuni. Maji, je?"

Mtu mzima, mjuzi wa kujisifia, kaenda kuzuia maji kwa sabuni! Mkunga alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Walikuwa na lita kumi tu za maji.

"Nitembee," alisema shemeji.

"Ufike maiti? Tutafute tundu."

Povu lilikuwa limelificha. Mkunga alipangusa mipira yote mpaka ikakauka, akainyunyizia poda ya watoto kutoka kwenye mkoba wake. Walimimina lita nne, wakawasha injini. Dakika ya tatu, kwenye mpira wa chini, poda ililowa mstari mwembamba. Ufa, mfupi kama ukucha.

Walizima. Mkunga alibakiza jozi moja ya glovu zake za mpira za kuzalishia, nyingine zote akazikata vipande. Shemeji alivivuta kwa mkono mzima na meno, akavizungusha juu ya ufa tabaka kwa tabaka, kisha wakakaza kwa bendeji. Kifuniko walikifunga nusu, presha isije ikapasua tena.

Walikunywa maji kikombe kimoja kimoja. Yaliyobaki yaliingia kwenye rejeta.

"Washa hita," alisema mkunga.

"Hita? Kwenye jua hili?"

"Joto litoke kwenye injini, lije kwetu."

Walikwenda mwendo wa punda, hewa ya moto ikiwachoma miguu. Kila geji ilipopanda walisimama, wakangoja, wakaendelea. Midomo ilipasuka.

"Niliona aibu kwenda kwa fundi," shemeji alisema ghafla. "Kuuliza tu, Shemeji. Kuuliza! Na sasa mke wangu..." Akalia waziwazi.

"Angalia geji," alisema mkunga. Naye aliogopa, tena sana.

Alasiri waliingia kambini. Mwanamke mmoja aliwakimbilia na jagi la maji. Shemeji alilipokea, koo limemkauka mpaka hawezi kumeza mate. Kisha akaiona mikono ya mkunga, nyeusi kwa grisi hadi viwikoni.

"Nawa," alisema, akammiminia yote.

"Dada?" iliita sauti dhaifu kutoka ndani. "Umefika?"

"Nimefika. Usisukume mpaka nikwambie."

Mlango ukafungwa. Shemeji alibaki amesimama nje, jagi tupu mkononi, watu wakimletea vikombe asivione. Mtoto alipolia, na mama yake akasikika akicheka, ndipo alipokaa chini mchangani akaomba maji.