Maneno Yake Juu ya Ramani

Ukumbi wa zamani wa sinema ulikuwa haujaona watu wengi kiasi kile tangu ulipofungwa. Jumamosi ile alasiri wakazi wa mtaa wa mafundi walijazana humo kama njiti kwenye kiberiti. Waliokosa viti walikaa sakafuni, na waliokosa sakafu waliegemea kuta zilizowapaka chokaa migongoni. Halmashauri ilikuwa imewaita wazungumzie sanaa na utamaduni, na namna ya kuufufua mtaa wao uliochakaa.

Hati alifika amechelewa. Alikuwa mchora mabango ya maduka, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na jina hilo alipewa kwa ajili ya mwandiko wake uliowafanya watu wasimame barabarani kusoma hata tangazo la sabuni. Siku hiyo alivaa gauni la buluu lililomkaa vizuri na kilemba cha manjano, ila vidole vilikuwa bado na rangi nyekundu. Aliona mtu akiinuka na kuacha kiti safu ya nyuma, akaanza kuruka magoti ya watu kukifuata, na hatua ya mwisho ikatua juu ya kiatu cha mwanamume aliyekuwa akiandika.

"Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Ninao mwingine."

"Mwingine nini?"

"Mguu."

Hati akabana kicheko, akaketi. Akamtazama kwa pembe ya jicho. Shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, miwani, daftari nene magotini. Mtu nadhifu kupita kiasi, akawaza. Lakini mikono yake ilikuwa mizuri.

Mbele, mwalimu mstaafu aliyeendesha mkutano alikuwa amempa kipaza sauti shangazi yake Hati. Shangazi ndiye aliyemlea. Zamani alikuwa mwimbaji wa bendi, na hata sasa hakukihitaji kipaza sauti chenyewe.

"Naona mnasema sanaa, sanaa," alisema. "Mimi nimeimba katika ukumbi huu miaka kumi na minane, na miaka kumi na saba kati ya hiyo choo kilikuwa kimeziba. Mnataka kuufufua mtaa? Anzeni na choo."

Watu wakaangua kicheko. Hati naye akasimama, ingawa hakuzoea kusema mbele za watu.

"Wengi hapa wanazungumzia michoro ya ukutani na sanamu," alisema. "Mimi nasema sanaa ya mtaa huu ni milango iliyo wazi. Mpita njia anamwona fundi viatu akishona, anamwona seremala akipiga randa. Mkituondoa halafu mkazipaka kuta rangi nzuri, mtakuwa mmeipamba nyumba isiyo na mtu."

Alipoketi, jirani yake alikuwa akiandika kwa kasi.

"Wewe ni mwandishi wa habari?"

"Msanifu majengo. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuchora ramani mpya ya mtaa."

"Alaa! Kumbe nimemkanyaga adui."

"Ungejua mapema ungekanyaga yote miwili."

"Mbona hukukaa kule mbele na wakubwa wenzako?"

Akafunga daftari. "Kule mbele watu wanahutubia. Huku nyuma ndiko wanakosema kweli."

Jibu hilo lilimwingia Hati kuliko alivyotaka.

Jumanne iliyofuata Msanifu alifika kwenye karakana yake, chumba chembamba chenye harufu ya tapentaini, brashi zimepangwa kwa ukubwa ndani ya makopo ya maziwa. Alidai amekuja kuangalia nguzo. Aliziangalia kwa dakika tatu, kisha akakaa saa mbili. Akaomba afundishwe kuchora herufi moja.

"Anza na S," Hati alimwambia. "Akiiweza S, mtu anaweza zote."

Akachora. Hati akainamisha kichwa huku na huku kama daktari.

"S yako inaumwa tumbo."

"Itapona?"

"Ikija kliniki kila wiki."

Akawa anakuja kila wiki, na baadaye kila baada ya siku mbili. Asubuhi, kabla Hati hajafungua mlango wa karakana, simu ilikuwa imeshalia.

"Umeamkaje, mwalimu wangu?"

"Nimeamka salama, mgonjwa wa S. Umekunywa chai?"

"Nasubiri nije ninywe kwako."

"Mwone kwanza! Hapa ni karakana au hoteli?"

Kuna siku waliketi mlangoni wakiangalia watu wakipita, na Hati akasema jambo lililomkaa rohoni muda mrefu. Mashine za kuchapisha zilikuwa zimemnyang'anya nusu ya wateja. Vijana wa siku hizi waliyapiga picha mabango yake kama vitu vya makumbusho.

"Wewe nawe," alimwuliza, "isije ikawa unanipenda kama unavyopenda majengo ya kale."

Msanifu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo la kupenda kutamkwa baina yao, na lilikuwa limetamkwa na Hati.

"Majengo ya kale huwa hayanijibu," alisema polepole. "Wewe kila siku unanijibu, na nikirudi nyumbani bado nakujibu peke yangu njiani."

Hati alimshika mkono, na rangi ya buluu ikahamia kwenye mkono wa shati jeupe. Msanifu hakuifuta.

Mkutano wa tatu ulikuwa wa kuonyeshwa ramani. Ilitundikwa ukutani kwenye ukumbi uleule, picha kubwa yenye rangi za kupendeza. Hati na shangazi yake walisogea na wenzao. Kulikuwa na uwanja mpana wenye sakafu ya mawe, miti iliyokatwa duara, mabenchi, na watu warefu wembamba waliotembea bila kubeba chochote. Karakana zote kumi na tisa za mtaa hazikuwepo. Juu ya picha, kwa herufi kubwa za mashine, yaliandikwa maneno: SANAA YA MTAA HUU NI MILANGO ILIYO WAZI.

Hati aliyasoma mara mbili. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Kumbe!" alisema fundi viatu, aliyekuwa jirani yake kwa miaka tisa. "Siku zote zile mlikuwa mnafundishana herufi, kumbe mnatuchorea kaburi?"

Alimkuta Msanifu nje, karibu na mlango, amesimama kama mtu anayengoja hukumu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Mkuu wangu aliyatoa maneno kwenye ripoti niliyomwandikia. Na karakana aliziondoa yeye. Nilitaka niibadilishe ramani kwanza, ndipo nikwambie."

"Jumanne ulinipigia simu ukanichekesha," Hati alisema. "Jumatano ulikaa kwenye kiti changu, ukanywa chai yangu. Na jana je? Hukutaka kubadilisha kitu. Hukutaka kuniona nimekasirika, basi."

Ilikuwa kweli, na wote wawili waliijua.

"Nilikupa maneno yangu," Hati alisema, "nawe ukawapa wafunikie shimo."

Akampa kisogo, akaenda zake.

Simu ililia wiki nzima. Hati aliiacha ilie. Shangazi alijitia hamnazo siku tatu, ya nne uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, ipokee au uizime. Mimi si wa kulala na king'ora."

"Nikipokea atanichekesha."

"Sasa kosa lake liko wapi?"

"Ndilo kosa lenyewe, shangazi. Ananichekesha ili nisione."

Shangazi akamtazama, akaacha utani. "Hapo una haki," alisema. "Lakini mwoga na mwongo si mtu mmoja. Mwongo nilimwacha mwenyewe, unamjua, baba wa binamu zako. Mwoga wakati mwingine hupona."

Majirani walikuwa wamempunguzia Hati salamu, na hilo lilimuuma kuliko simu. Alijikaza kisabuni, akachora bango la kinyozi, akakosea herufi mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Wiki ya pili, alasiri moja, alichungulia nje akapigwa na butwaa. Msanifu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la karakana ya fundi viatu, shati limegeuka rangi, ameshika ncha moja ya utepe wa kupimia. Ncha ya pili ilishikwa na fundi viatu mwenyewe.

Alingoja Msanifu apite, kisha akatoka.

"Anafanya nini huyo?"

Fundi viatu alikwaruza kidevu kwa aibu. "Anapima karakana zote. Anauliza kila mtu anahitaji nini, taa, maji, ukubwa wa mlango. Ofisi yake haijamtuma." Akakohoa. "Na kila anapoingia, la kwanza analosema ni kwamba maneno yale wewe hukuwapa. Aliyachukua yeye. Kwa hiyo, jirani... mimi siku ile nilipayuka. Nisamehe."

Karakana ya Hati ilikuwa ya mwisho. Msanifu alifika akabisha hodi mlangoni, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Naomba kupima."

"Pima."

Alimpa ncha ya utepe bila kumgusa vidole. Wakapima urefu. Wakapima upana. Chumba kilikuwa kidogo, na kila walipopishana Hati alisikia pumzi yake.

"Mita mbili na nusu," alisema Hati.

"Mbili na nusu." Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Kuna jambo, nalo nimelijua leo asubuhi. Nimechora ramani inayobakiza karakana. Lakini mtaa hauwezi kupata vyoo wala mfereji wa majitaka bila bomba kubwa, na bomba hilo lina njia moja tu ya kupita. Nimejaribu kila upande. Linapita hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tuliposimama. Yako ndiyo itakayobomolewa."

Nje seremala alikuwa akipiga randa. Hati aliuangalia ukuta aliokuwa akifutia brashi zake tangu aanze kazi, ukiwa na mistari ya kila rangi.

"Ungeweza kuniacha nisikie mkutanoni."

"Ningeweza," alisema Msanifu. "Nimekaa kwenye kona ile pale nje dakika arobaini nikijaribu kuingia."

Alikunja utepe wake akaondoka. Usiku ule Hati hakulala vizuri, akijiuliza moyo wake unataka nini.

Kwenye mkutano wa nne Msanifu hakukaa na ofisi yake. Alipanga foleni na wananchi, nyuma ya mama mmoja muuza magazeti, akangoja zamu yake ya dakika tatu. Alipopewa kipaza sauti alitundika karatasi iliyochorwa kwa mkono. Karakana kumi na nane zilikuwepo, kila moja na jina la fundi wake, zote milango ikitazama uwanja mdogo.

Afisa wa halmashauri akakunja uso. "Hii imetoka ofisi gani?"

"Haijatoka ofisi yoyote. Tumepima sisi."

"Na ya kumi na tisa?" aliuliza mwalimu mstaafu. "Ni ya nani?"

Msanifu hakujibu. Hakumwangalia Hati pia. Ilikuwa wazi kwamba hangesema neno hilo kwa niaba yake.

Hati akasimama.

"Ni yangu," alisema. "Shangazi yangu amesubiri choo miaka mingi, na wenzangu kumi na nane watabaki. Nakubali itoke. Ila nataka chumba kile cha hapo mlangoni, walipokuwa wakikatia tiketi. Kina dirisha linalotazama barabara. Nitachora hapo, na anayetaka kujifunza herufi aje."

Fundi viatu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Halmashauri ilichukua wiki sita. Walibishana kuhusu uwanja, wakapunguza mabenchi, wakahamisha milango miwili, mwishowe wakaupitisha mchoro, pamoja na chumba cha tiketi alichoomba Hati. Barua ilipofika, Hati aliisoma akiwa amesimama, akaenda kutafuta ngazi.

Msanifu alimkuta juu ya ngazi hiyo, nje ya karakana, akifungua skrubu za bango lake. Hawakuwa wamezungumza tangu mkutano, ila salamu. Akaishika ngazi isiyumbe.

"Hujambo?"

"Sijambo. Shika vizuri, usinidondoshe."

"Nimeshika."

Skrubu moja ikatoka. Hati akasema bila kugeuka, "Sitaki mtu wa kunifurahisha. Nataka mtu wa kuniambia. Kama kuna kitu kingine unanificha, kitoe sasa hivi, chote."

"Chote?"

"Chote."

Msanifu akavuta pumzi. "Chai yako ina tangawizi nyingi mno. Nimeinywa miezi miwili nikijikaza."

"Ehe."

"Nimemwaga unga. Ofisini wameniambia nisirudi tena baada ya mkutano ule. Nina kazi mbili ndogo za kuchora nyumba za watu, basi."

Mkono wa Hati ukasimama kwenye skrubu. "Ehe," alisema, taratibu zaidi.

"Na jana nilikwenda kwa shangazi yako. Nilimwomba ruhusa ya kukuoa."

Bisibisi ikadondoka chini. Hawakuihangaikia.

"Akasemaje?"

"Akasema yeye ameshaolewa mara moja na imemtosha, kwa hiyo nikuulize wewe."

Hati alicheka mpaka ngazi ikatikisika, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi. Upande wa pili wa barabara randa ilikuwa imenyamaza. Seremala na fundi viatu walikuwa wamesimama mlangoni, hata hawakujisumbua kujificha.

"Basi niulize," alisema.

"Utakubali niwe mumeo?"

"Ngoja. Jambo kama hili halijibiwi juu ya ngazi."

Akaanza kushuka, kidato kimoja baada ya kingine, bila haraka, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Msanifu hakuiachia ngazi. Alipokanyaga ardhi walikuwa uso kwa uso, na Hati akamtazama vizuri, miwani yenye vumbi na hofu yake yote isiyofichwa.

"Ndiyo," alimwambia. "Na tangawizi nitapunguza."