Pipa la Maji la Mashine ya Marambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raudha alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine pale kijijini Marambo aliyekuwa nayo: kuinywesha mashine. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama iliendeshwa na injini ya dizeli, na injini hiyo ilipozwa kwa maji. Nje ya kibanda lilisimama pipa kubwa. Maji yalitoka kwenye koki iliyokuwa chini ya pipa, yakapita kwenye mpira mweusi hadi kwenye pampu, pampu ikayasukuma kuizunguka injini, kisha yakarudi pipani kwa mpira wa juu yakiwa ya moto. Mengine yaligeuka mvuke, kwa hiyo kila siku pipa liliongezwa ndoo tatu.

"Na uyachuje," mama yake, Bi Mwamina, hakuchoka kumkumbusha. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. "Maji ya bwawani yana kila aina ya takataka. Tandika kitambaa mdomoni mwa pipa, umimine polepole."

Polepole! Raudha alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la tano, na miguu yake ilijua kukimbia tu. Ijumaa moja ya mwezi Julai, mwaka 1997, timu ya netiboli ya shule yao ilikuwa na mazoezi ya asubuhi kwa ajili ya kupambana na wasichana wa shule ya Kiegei. Raudha alipofika pipani, rafiki yake Prisca alikuwa tayari anamwita kutoka barabarani.

"Raudha! Wenzako wameshaanza!"

Raudha alikitazama kitambaa kilichoning'inia ukutani. Akaitazama barabara. Kisha akamwaga ndoo zote tatu, pwaa, pwaa, pwaa, akatimua mbio.

Mchana aliporudi kutoka shule alishangaa kuikuta mashine kimya. Watu walikuwa wamejaa mbele ya kibanda na ndoo zao za mahindi na mtama. Jumapili ilikuwa harusi ya kijana wa Mzee Mbaruku, na karibu kila nyumba ilitaka unga. Mzee Mbaruku mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia lake, amekunja uso.

Mwendesha mashine aliitwa Agapiti. Alikuwa kijana mpole ambaye wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji, na alizoea kuisikiliza injini kuliko kuzungumza na watu. Aliweka kiganja juu ya pipa. "Baridi," alisema. Akaigusa injini kwa ncha za vidole, akavirudisha haraka na kuvipuliza. "Injini inaungua, na pipa ni baridi. Maji hayazunguki."

Aliiwasha kidogo tu, akawaonyesha mpira wa juu. Siku zote maji yalirudi pipani kwa nguvu, mkondo mnene kama kidole gumba. Leo yalidondoka tone, tone, tone. Akaizima upesi.

"Raudha," aliita, "maji ya leo uliyachuja?"

Watu wote waligeuka kumtazama.

"Ndiyo, Fundi," Raudha alijibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Basi upande wa pipa hauna shida. Tuangalie pampu."

Agapiti alikaza mkanda wa pampu, maji yakaendelea kudondoka vilevile. Akaifungua pampu yenyewe, akatoa kile kifeni cha mpira kinachosukuma maji, akahesabu mabawa yake. Yote yalikuwepo, hakuna lililokatika. Akafunga, akajaribu tena. Tone, tone, tone. Mpaka jua linashuka alikuwa amepakaa grisi hadi viwikoni, na watu walikuwa wamejitwika mahindi yao kurudi nyumbani.

Jioni hiyo vinu vilivyosahauliwa viliburutwa nje, na milio ya michi ikasikika kila uani. Raudha na mama yake walitwanga kwa zamu. Mikono ya Raudha iliota malengelenge, lakini kilichomkosesha raha zaidi ni lile neno "ndiyo". Mara mbili alifungua mdomo aseme kweli, na mara mbili akaufunga.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika tena. Mzee Mbaruku hakusubiri salamu ziishe.

"Huyu kijana alilala, injini ikapata moto ikaharibika," alisema. "Tumwite fundi kutoka Ruangwa. Na huyu apumzishwe, mashine apewe mtu mwingine."

Baadhi ya akina mama waliitikia kwa kichwa. Bi Mwamina alimtazama Agapiti. "Fundi, una la kusema?"

"Sikulala, Mama Mwenyekiti," alisema Agapiti. "Lakini ubovu sijauona." Akainama kuipangusa spana yake, ingawa ilikuwa safi tayari.

Raudha alipenya katikati ya watu mpaka akasimama mbele ya mama yake.

"Fundi hakulala," alisema. "Mimi jana sikuyachuja maji. Niliwahi netiboli. Na Fundi aliponiuliza, nilimdanganya."

Uso wa Bi Mwamina ulibadilika. Kabla hajasema neno, Agapiti aliruka juu kama mtu aliyeambiwa mahali funguo zake zilipo.

"Kumbe! Raudha, shika beseni hapa!"

Aliuchomoa mpira wa chini pale unapoingia kwenye pampu. Pipa lilikuwa limejaa, lakini maji yaliyotoka hayakutosha hata kujaza kikombe cha chai. "Mnaona? Pampu ni nzima, ila haina maji ya kusukuma. Kizuizi kipo huku nyuma." Akaufungua mpira kwenye koki, akachukua waya, akaanza kuchokoa. Likatoka fundo la majani ya bwawani. Akachokoa tena. Mzee Mbaruku, ambaye sasa udadisi ulikuwa umemshinda, aliinama mbele ya koki ili aone vizuri.

Pyuu! Konokono mkubwa alifyatuka, na nyuma yake maji yote ya pipa yakamvaa mzee kifuani, kanzu chepechepe.

Mzee Mbaruku alijitazama, akamtazama yule konokono aliyejikunyata chini ya jiwe, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi mimi nimeshaoga kwa ajili ya harusi!" alisema, na hapo uwanja mzima ukaangua kicheko.

Raudha na Prisca waliliosha pipa, wakalijaza upya, kila ndoo ikipita kwenye kitambaa. Malengelenge yalimchoma Raudha, lakini hakulalamika. Agapiti alipoiwasha injini, maji yalirudi kwa mpira wa juu kwa kishindo, na akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameshafika. Mzee Mbaruku alimpa Agapiti mkono mbele ya watu wote. "Nilikusema vibaya, mwanangu. Unisamehe." Mashine ilisaga hadi alasiri, na hakuna aliyerudi nyumbani na mahindi.

Wateja walipokwisha, Raudha alimwendea Agapiti aliyekuwa akifagia pumba. "Fundi, nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Agapiti. "Lakini ujue, injini haina mdomo. Nikiumwa mimi nitasema wapi panauma, yenyewe haiwezi. Nategemea macho yangu na majibu ya watu. Jibu lako lilinipeleka kwenye pampu, nikashinda huko siku nzima. Na mimi nina kosa langu: ilinipasa niufungue ule mpira nione mwenyewe."

Bi Mwamina alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Alimsogelea binti yake, akaishika mikono yake yenye malengelenge.

"Kutochuja maji ulikuwa uvivu wa dakika kumi," alisema. "Ungesema jana mchana, tungekugombeza, Fundi angefungua koki, na watu wangesaga. Uongo ndio uliowatwangisha akina mama kijiji kizima, na nusura umnyang'anye mtu kazi yake. Kila mtu hukosea, Raudha. Ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama," alisema Raudha, na safari hii alilifikiria neno kabla ya kulitamka.