Hofu Iliyorekodiwa Mogitu

Stendi ya Katesh ilikuwa imefurika siku ya mnada, lakini sauti ya Ernestina iliwafunika wapiga debe wote. Alikuwa anamgombeza kondakta aliyelitupa begi lake la mavazi ya maigizo, kitenge chake cha njano kikipepea kwa upepo wa mlimani.

"Dada, hiyo sauti umeipata wapi?" aliuliza kijana mrefu mwenye koti la jinzi.

"Jukwaani. Kwani wewe nani?"

"Gidion, natoka Mbulu. Naongoza filamu, na mama wa filamu yangu nimeshampata."

Ernestina alikubali kuigiza. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wapenzi, na kila jioni ubishi wao kwenye simu ulikuwa uleule.

"Kamera haicheki wala haikohoi," Ernestina alisema. "Nitajuaje kama nimewagusa watu?"

"Mpenzi, jukwaani unamwigizia mzee wa benchi la nyuma. Kamera iko hapa puani pako. Nong'ona tu."

"Na nikikosea?"

"Tunarudia."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Jukwaani naogopa mara moja, nikishuka yamekwisha."

Alijua anachosema. Matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang mwaka 2023, yalimchukua shangazi yake. Tangu hapo, mvua ikigonga bati, moyo ulimwenda mbio. Siri hiyo alimwambia Gidion peke yake.

Walirekodi kijijini Mogitu, chini ya mlima, tukio la mama anayesikia mafuriko yakija. Walirudia mara nane. Mara ya tisa, bila kumwambia, Gidion alipiga ukelele nyuma yake.

"Erne, mlima unashuka! Kimbia!"

Alikimbia. Alipanda kilima kwa mikono na magoti, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akimwita shangazi. Ndipo aliposikia makofi.

"Ulikuwa unarekodi?"

"Mpenzi, umeigiza ajabu..."

"Sikuigiza."

Akaondoka. Siku nne hakupokea simu. Ya tano alipokea.

"Nimeifuta," Gidion alisema. "Wolfgang, mpiga picha wangu, amenuna. Anasema ndiyo picha bora kuliko zote. Nisamehe, Erne."

"Jukwaani hofu naishika mwenyewe. Wewe ulininyang'anya."

"Najua. Nitatafuta mwigizaji mwingine."

"Nani amekutuma utafute mwingine?"

Jumamosi alirudi Mogitu na masharti yake: wasikatize kurekodi hata mara moja, na Gidion asimame mbele yake, mahali anapomwona. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima. Alipofungua kinywa tu, manyunyu yakaanza, ya kweli. Alitaka kukimbia. Akamtazama Gidion aliyeloa, uso umemsawajika kwa hofu, akayasema maneno ya yule mama mpaka la mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Gidion alimvika koti lake.

"Nataka kukuoa," alisema. "Na naogopa utakataa."

Ernestina alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Jumapili uje kwa baba. Umweleze kwa kinywa chako ulichonifanyia, kabla hujataja posa."



"Nitakuja," Gidion alisema.