Mchi wa Filomena

Asubuhi mvua ilipofukua maiti ya Filomena kwenye shamba la magimbi la Luqmani, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Filomena kama kawaida.

Koplo Paskalia alipopanda kutoka Matombo, alikuta vijana wameshaizunguka nyumba ya Luqmani, dumu la petroli mkononi. Luqmani wa kitongoji cha bondeni aligombana na marehemu kuhusu mfereji wa maji, nani hajui?

“Afande, nimzike mtu shambani kwangu mwenyewe?” Luqmani alilia. “Mimi mjinga kiasi hicho?”

Maiti ilikuwa imekaa udongoni zaidi ya mwezi. Paskalia akaenda kwa Hidaya, jirani wa marehemu.

“Shikamoo mama. Filomena ulimwona lini?”

“Marahaba. Kumwona? Nilimsikia! Jana jioni alikuwa anatwanga.” Hidaya alijikumbatia. “Du… du-du. Kama anachechemea. Nikasema ni ule mguu anaouguza.”

“Hukwenda kumjulia hali?”

“Nimjulie hali nani! Kaka yake kafa mwezi sasa, matanga hayajaanuliwa. Huku kwetu mwanamke aliyefiwa hagusi mchi mpaka matanga yaishe. Yeye msibani hakuja, mumewe akasema mguu, halafu kutwa anatwanga! Tulimnunia wote.”

Paskalia aliinuka. “Mumewe ni wa hapa?”

“Leonard? Wa kuja huyo, katokea Gairo.”

Leonard alikuwa uani kwake, analia mbele za watu; Hidaya na wale vijana wa dumu, Luqmani katikati yao, walikuwa wamemfuata Paskalia. “Ni mzimu, afande. Hata mimi naukimbia.”

“Shika mchi, mzee. Twanga.”

“Mimi, mwanamume?”

“Twanga.”

Akainua, akashusha. Du… du-du. Du… du-du.

Hidaya akapiga ukelele: “Ndiye! Ndiye Filomena huyo!”

Dumu la petroli likawekwa chini.

Leonard aliuachia mchi. “Nilimsukuma, akaangukia figa. Alisema shamba anampa mpwa wake. Ardhi ni ya ukoo wa mama yao, na mtoto hatuna. Yeye akifa, mimi nafungasha. Mikarafuu yote ile nimeipanda kwa mikono hii! Akisikika anatwanga, yuko hai. Na mimi nipo.”

“Na kwa nini shambani kwa Luqmani?”

“Ugomvi wao mlikuwa mnausimulia wenyewe.”

Hakuna aliyemtazama Luqmani usoni. Pingu zilipofungwa, dada zake Filomena waliingia jikoni wakamwagia moto maji. Moshi ukakatika.

Hidaya alibaki kizingitini, kanga mdomoni.

“Mwezi mzima,” alisema, “nimemnunia maiti.”