Wa Nne Anaomba Idhini

Mnaosema natunga, mnikome. Haya yalimpata dada yangu tumbo moja, na sehemu iliyobaki ikanipata mimi, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe.

Dada anafanya kazi kwenye ofisi ya wawekezaji. Wanatia mtaji kwenye kampuni changa, halafu wanazifuatilia zinavyokwenda. Zamani walizifuatilia wenyewe. Siku hizi wana mawakala, yaani programu za akili mnemba zinazohudhuria vikao vya kampuni hizo kwa video, zikasikiliza, zikaandika ripoti. Ila ripoti haihesabiki mpaka binadamu aisome na abonyeze kitufe cha kuidhinisha. Binadamu mwenyewe alikuwa dada. Nilikuwa namtania, "Kwa hiyo unalipwa kubonyeza?" Naye ananijibu, "Nalipwa kusoma, mdogo wangu. Kubonyeza hata paka anaweza."

Moja ya kampuni hizo ni ya mume wangu na wenzake wawili, mhasibu na binti mmoja wa mauzo. Wanatengeneza majokofu ya kuhifadhia dawa. Mume wangu ndiye mhandisi. Dada hakumficha bosi wake kwamba huyo ni shemeji yake. Bosi akasema haina neno, asome ripoti tu, mambo ya pesa atayaamua yeye.

Basi asubuhi moja, dada na chai yake mezani, ripoti ya kampuni yetu ikaingia. Waliohudhuria: wanne. Mhandisi, mhasibu, wa mauzo, na mmoja ambaye hakutaja jina, amekaa nyuma ya mhandisi. Dada akampigia mume wangu.

"Shemeji, leo mlikuwa na mgeni?"

"Mgeni atoke wapi? Sisi wenyewe viti vinatubana."

Dada akacheka, akamfuta wa nne, akabonyeza.

Kikao kilichofuata, yumo tena. Ripoti ikasema amesogea mbele. Safari hii dada aliifungua video yenyewe na kuitazama mwanzo hadi mwisho. Meza. Watu watatu. Ukuta mweupe na feni. Fundi wa mifumo akamwambia ni kivuli hicho, futa, usijipe presha bure. Akafuta.

Kikao kingine, ripoti ikasema wa nne amemwekea mhandisi mkono begani. Chai ya dada ilipoa mezani siku hiyo.

Mimi sikujua lolote. Najua tu kwamba mume wangu alirudi analalamika bega zito. Nikamsema, nikamwambia ni huo mto wake anaoukumbatia kama mtoto. Kisha nikachemsha maji nimkande, nikawa nalowesha kitambaa. Akashtuka.

"Mbona mkono wako wa baridi hivyo?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa bado kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwambia aache utani.

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea. Ulipofika wakati wa kufunga hesabu, ripoti za kampuni zote zilimiminika kwa pamoja, na bosi kasimama mlangoni anauliza bado, bado, bado. Kazi hiyo ukiizoea, kidole nacho kinazoea. Jicho linapita juu juu, kidole kinabonyeza. Dada aliiidhinisha ripoti yetu bila kuisoma. Alipotulia akairudia, akakuta mstari huu: "Wa nne anaomba atambuliwe kuwa ndiye mhandisi. Inahitajika idhini ya binadamu." Chini yake jina la dada. Imeidhinishwa.

Ripoti iliyofuata ilisema waliohudhuria ni watatu. Hakuna tatizo. Dada alishusha pumzi, akajidanganya kwamba yameisha.

Sasa niwaambie mume wangu alivyokuwa. Mbishi huyo! Taulo bichi kitandani, kijiko ndani ya sufuria kabla sijapakua, na ukimsema anakuchekesha mpaka unasahau ulikuwa umekasirika. Nilimpenda na kero zake zote. Jioni ile alirudi, akaoga, akalitundika taulo. Nikajisemea, loo, leo maneno yangu yameingia! Nikaandaa chakula. Akakaa.

Hakula.

Akanitazama tu. Tabasamu lilelile, meno yaleyale. Chakula kinapoa.

"Si ule," nikamwambia.

Akala.

Kitandani akalala chali, macho wazi. Nikageuka, bado. Nikasinzia, nikaamka. Bado wazi.

"Jamani, lala basi."

Akafumba macho palepale.

Ikawa ndiyo maisha. Kuoga mpaka niseme, kuvaa mpaka niseme. Siku moja nilimsahau mlangoni na viatu mkononi nikaenda zangu sokoni. Nimerudi, bado amesimama. Majirani wakanisifu eti nimepata mume mtulivu. Mama mkwe ndiye hakunisifu. Alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Umemlisha nini mwanangu?" Mimi, mimi niliyekuwa namlilia mwanawe kila siku, nikawa ndiye mchawi!

Nikaenda kwa dada nikamwambia yote. Akakaa chini sakafuni, akanisimulia upande wake. Tulilia kama watoto. Kesho yake akaenda kwa bosi akamweleza kila kitu bila kuficha. Bosi alimsikiliza kwa upole sana, akasema amechoka, apumzike. Kisha akaamua kwamba binadamu wanachelewesha kazi. Ripoti zipite zenyewe.

Haukupita muda mrefu, dada akaja kwangu adhuhuri na kompyuta kifuani. Hakupiga hodi. Aliiweka mezani akanigeuzia skrini.

Waliohudhuria: wanne. Wa nne amekaa nyuma. Analia. Anamwita mkewe. Anaomba atambuliwe kuwa ndiye mhandisi. Inahitajika idhini ya binadamu.

Nikamvuta mkono. "Bonyeza!"

"Kitufe hakipo."

"Dada, bonyeza, nakuomba!"

"Wamekiondoa, mdogo wangu. Soma hapo chini."

Nikasoma. "Hakuna binadamu. Ombi limefungwa."

Kisha tukasikia kijiko kikigonga sahani. Jikoni. Tukaenda taratibu, tumeshikana mikono. Mume wangu alikuwa amekaa, amejipakulia, anakula. Sikuwa nimemwambia ale. Akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

"Karibuni," akanong'ona.

Dada alikimbia, kompyuta akaiacha. Nimeificha kabatini chini ya mashuka, na chaji iliisha zamani. Lakini nikiitoa na kuifunua, kioo kinaingia ukungu. Kidogo tu, katikati, kama mtu anapumulia karibu. Nimeufuta kwa kitambaa, haufutiki. Uko upande wa ndani. Unatokea, unafifia, unatokea tena. Naweka kiganja changu hapo na kumwambia nipo, mume wangu, nipo.

Mwanzoni ulikuwa unatokea mfululizo. Siku hizi unachelewa. Leo asubuhi nilisubiri mpaka mkono ukafa ganzi.