Chafya Kutoka Majini

Kosgei alitumwa ugoro, na aliyemtuma hakuwa mtu wa kungojeshwa.

"Enda mjini, nunua, rudi," Sally mkewe alimwambia. "Usipitie mahali."

Shida ni kwamba Kosgei alikuwa mtu wa kupitia mahali. Lori la mizigo lilikuwa limempitisha Kampala, Kigali, Lubumbashi hadi Juba, na kila mji alikuwa ameacha kofia moja na uongo wa kutosha. Lakini tangu Januari ile ya 2008, ghasia za uchaguzi zilipozuka na barabara zikazibwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, tajiri wake aliegesha lori pale Lanet akamwambia apumzike. Sasa ilikuwa Machi. Wakubwa walikuwa wameshapeana mikono Nairobi, maduka ya Nakuru yamefunguliwa, ingawa watu bado walikimbilia nyumbani jua likianza tu kuinama. Kosgei alikuwa amepumzika mpaka kitambi chake kikawa kinafika mlangoni kabla yake.

Ugoro ulikuwa wa mjukuu.

Jemutai, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua mvulana, na mvulana hakutaka kunyonya. Alilia kwa sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alishika titi, akaliachilia. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Ndipo akaitwa shangazi mzee wa Kosgei kutoka Elburgon, Tapsubei, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi. Alimtazama mtoto mara moja.

"Huyu bado hajaitwa," akasema.

Kwao Wakalenjin, mtoto huja na mtu wake. Wanawake hukaa naye, humpitishia ugoro kidogo puani, kisha huita majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Akishatambuliwa, mtoto hutulia, hunyonya, maisha yanaendelea.

"Na asipotambuliwa?" Jemutai aliuliza.

Kogo alikunja shuka la mtoto polepole. "Anarudi alikotoka."

Kwa hiyo wangemwita asubuhi, mapema, kabla pasta hajapita kusalimia.

Kosgei alinunua ugoro sokoni, akaufunga ndani ya karatasi, akautia mfuko wa shati. Alipaswa kugeuka kuelekea steji ya matatu. Miguu ikageukia kwa Pranav.

Pranav alikuwa rika lake, kipara na miwani, na sehemu ya nyuma ya duka la vitambaa la marehemu baba yake alikuwa ameigeuza saiba. Kwenye kompyuta ya pembeni kulikuwa na gemu ya maharamia. Unaanza ukiwa umevunjikiwa na meli, huna kitu ila ubao na kasuku, unajenga meli na kuajiri mabaharia taratibu, na kazi yako ni moja tu: usife. Kosgei alikuwa amezama mara nyingi kuliko mtu yeyote katika Bonde la Ufa, na kwa sababu hiyo vijana wote walikuja kwake kuuliza ushauri.

Naye aliutoa bila choyo. Usinywe maji ya bahari hata skrini ikianza kuzunguka. Tandaza tanga jioni likinge mvua. Ndimu usizile zote kwa uroho, ziweke za kuzuia fizi zisioze. Kasuku usimchinje hata njaa ikuue, maana yeye ndiye huona nchi kavu kwanza. Na giza likiingia, ukisikia mtu anaita kutoka majini, hesabu watu wako kwanza. Kama wote wako melini, huyo si wako.

Usitupe kamba.

"Kapteni," Pranav alisema bila kuinua macho, "mimi nafunga sasa hivi."

"Dakika tano tu, bhai. Niko karibu na kisiwa."

"Wiki mbili uko karibu na kisiwa."

"Upepo ni mbaya."

"Upepo ni wewe hujui kuendesha." Pranav alivuta mlango wa chuma nusu, akaingia ndani kupanga majora ya vitambaa.

Kosgei akavaa hedifoni. Kwenye skrini jua lilikuwa linazama, kama lilivyokuwa linazama nje. Bahari ilikuwa tulivu. Akatandaza tanga. Akakagua ndimu. Kasuku alikuwa amelala.

Ndipo akasikia.

Mbali... upande wa kushoto... mtu anaita.

Haikuwa mara ya kwanza gemu kumletea sauti ile. Kwa kawaida ilikuwa mayowe makubwa ya Kizungu. Hii ilikuwa ndogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye hataki kusumbua.

Kosgei akahesabu watu wake. Wote walikuwepo.

Akatazama mkono uliokuwa unapunga kutoka majini, unazama, unaibuka. Akajua kabisa la kufanya, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa watu.

Akatupa kamba.

Baadaye alijitetea kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Kosgei hakuwahi maishani mwake kumpita mtu kando ya barabara, na alikuwa mzee mno kuanza siku hiyo.

Mtu akapanda. Akasimama kwenye sitaha akichuruzika maji, amegeuza mgongo. Skrini ikaandika kwamba baharia mpya hana jina, apewe.

Kosgei alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, huku akitamka kila herufi kwa sauti. Alifikiria jina kwa muda mfupi tu, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa pale siku zote, limekaa kifuani.

Omolo alikuwa tanboi wake, wa kufunga turubai na kubadilisha magurudumu, kwa safari zisizo na idadi. Mjaluo wa Ziwa Viktoria, wa kujigamba kwamba anaweza kuogelea hadi Uganda na kurudi na chai. Januari mji ulipochafuka, watu wakaanza kuulizana makabila milangoni, Kosgei alimficha jikoni kwake, nyuma ya magunia ya mkaa. Siku ya tatu akampatia nafasi katika lori la rafiki lililokuwa linaelekea Kisumu. Omolo akajilaza kati ya viazi, akacheka. "Nikifika nitakupigia, dere."

Hakupiga. Kila jioni Kosgei alipiga yeye, na kila jioni mwanamke yuleyule wa kwenye mashine alimwambia mteja hapatikani. Dereva wa lori lile alisema Omolo alishuka njiani, mahali palipokuwa na kizuizi, akapita msituni. Basi. Kosgei alishikilia kwamba simu ilipotea, chaji iliisha, jamaa ana uvivu.

"O," akatamka, akichapa. "M... O... L... O. Omolo."

Akabonyeza.

Mtu wa kwenye sitaha akageuka.

Na masikioni mwake, karibu sana, mtu akapiga chafya.

Stima ikapotea.

Giza likaingia saibani kwa mkupuo mmoja. Kompyuta zikanyamaza. Feni zikanyamaza. Huko ndani Pranav alitukana kampuni ya umeme kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili ili wote waelewe.

Lakini hedifoni haikunyamaza.

Maji... yanapiga ubao. Taratibu. Kamba inalia. Na harufu ikapanda kutoka chini ya meza: tope, samaki, na dizeli ile ya zamani isiyotoka kwenye nguo hata ukifua kwa majivu.

Kisha chafya ya pili.

Kosgei akaivua hedifoni kama mtu anayemtoa nyoka shingoni. Mkono wake ukagusa mfuko wa shati. Karatasi ilikuwa imefunguka, ugoro umemwagika juu ya kibodi.

Pranav akaja na tochi ya simu. "Ni nini hii umemwaga? Kapteni, unaniharibia mashine."

"Umepiga chafya wewe?"

"Mimi? Nilikuwa store."

"Unasikia harufu?"

Pranav alinusa. "Upepo wa ziwa."

"Ziwa Nakuru lina samaki gani wa kunuka hivyo?"

Pranav alimmulika usoni, na utani ukamtoka. "Enda nyumbani, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Mjukuu anakungoja."

Kosgei alikusanya ugoro uliobaki kwa kiganja. Njiani kurudi nyumbani Lanet alijieleza vizuri sana. Ugoro uliingia kwenye feni. Chafya ilitoka kwenye gemu, Wazungu huweka kila kitu humo. Harufu ni upepo. Alikuwa amejiridhisha kabisa alipokumbuka kwamba wanaopiga chafya wanapoitwa ni wale tu waliokufa.

Asubuhi wanawake wakajifungia chumbani. Wanaume hawaingii hapo, kwa hiyo Kosgei aliketi nje kwenye benchi chini ya dirisha, peke yake, mwanawe akiwa kazini Gilgil. Alisikia kila kitu.

Kogo Tapsubei alimwita baba yake Kosgei, na babu yake. Kila jina aliliita kwa upole, kama anayemwamsha mtu, kisha akangoja.

Kimya.

Wakaitwa wajomba. Wakaitwa walioliwa na simba na waliolewa wakaanguka mtoni. Ukoo mzima ulipita dirishani mbele ya Kosgei, na kati ya jina na jina kulikuwa na kile kilio chembamba, ambacho sasa kilikuwa kinapungua.

"Ongeza ugoro," Sally akanong'ona.

"Ugoro si shida," Kogo akasema. "Aliyekuja naye hatujamtaja."

"Mama, amekuwa baridi," Jemutai akasema. "Miguu yake imekuwa baridi."

Kosgei alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Alikumbuka safari moja, mteremko wa Timboroa, mvua, walipokuwa wakingoja barabara ifunguliwe. Alikuwa amemsimulia Omolo juu ya majina na chafya, na Omolo alicheka hadi akakohoa. "Kumbe nyinyi mnarudi? Basi nikifa niiteni mimi. Nitapiga chafya mpaka pua itoke. Kwenu kuna maziwa."

Jina lilikuwa ulimini. Lakini kulisema mbele ya Kogo kulikuwa kumzika mtu. Maadamu hajalisema, Omolo alikuwa mvivu tu, ana simu mbovu, yuko Kisumu anakula samaki. Akilisema na pakawa kimya, amejifanya mjinga mbele ya wanawake, jambo ambalo amelizoea. Akilisema na pasiwe kimya...

Ndani, kilio kikakoma.

Si kwa kutulia.

Kosgei akainuka, akatia mdomo kwenye dirisha.

"Kogo," akasema. "Mwite Omolo."

Sauti ya Sally ikatoka, kavu. "Kosgei. Leo si siku ya mchezo."

"Mwite."

"Omolo wa nyumba gani?" Kogo aliuliza. "Wa ukoo gani huyo?"

"Wa jikoni kwetu," Kosgei akasema. "Nyuma ya mkaa."

Sally alikuwa amempelekea mtu huyo uji kwa mikono yake mwenyewe, siku zile, akimwambia apulize polepole asisikike.

Sauti iliyoita haikuwa ya Kogo. Ilikuwa ya Sally.

"Omolo," akasema. "Omolo, baba. Ingia ndani."

Chafya.

Kubwa, ya mtu mzima, iliyogonga bati. Jemutai alipiga kelele kidogo. Kisha pakasikika sauti ambayo nyumba nzima ilikuwa imeingoja tangu azaliwe: mtoto ananyonya, kwa pupa, akipumua kwa pua kama aliyetoka kuogelea mbali.

Kosgei akaketi chini, kwenye vumbi, si kwenye benchi. Alilia, na alipomaliza alijipangusa kwa kofia.

Kogo alitoka baadaye, akasimama karibu naye. Alikuwa anajinusa vidole.

"Nywele zake zinanuka samaki," akasema. "Nimemwosha mara mbili."

"Ni vibaya, Kogo?"

"Sijui. Sijawahi kuona." Akatazama upande wa barabara. "Mtu huja kwa watu wake. Huyu labda alikuta milango mingine yote imefungwa."

Mchana Pranav alipiga simu. Stima ilikuwa imerudi, na gemu ilikuwa imejihifadhi yenyewe. Meli ipo, kasuku yupo, ndimu zipo. "Lakini Kapteni, yule baharia wako mpya hayuko. Inaandika ameshuka nchi kavu. Uliniambia hujafika kisiwani."

"Sijafika," Kosgei akasema.

Jioni alikuwa mlangoni, Sally akiwa nyuma yake na mtoto mgongoni, ameshiba, macho wazi. Ilikuwa saa yake ya kumpigia Omolo. Alikuwa ameitoa simu, akaitazama, akaona haina haja tena. Akairudisha mfukoni.

Ikalia.

Kwenye kioo kulikuwa na jina ambalo halikuwa limempigia tangu Januari.

Akapokea. Upande wa pili kulikuwa na maji... yanapiga ubao, taratibu. Kisha sauti iliyochoka, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Dere. Nimefika."

Ikakatika. Alipopiga, mwanamke wa kwenye mashine alimwambia yaleyale ya kila siku.

"Nani huyo?" Sally aliuliza.

"Omolo."

"Anasemaje?"

"Anasema amefika."

Sally akageuza shingo, akamtazama mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anamtazama Kosgei, moja kwa moja, kama mtu anayengoja dereva awashe gari.

"Si tunamwona," Sally akasema.