Sarafu Alizobakiza Dakika

"Unauza nzuri unabakiza mbovu. Hiyo akili umeitoa wapi?"

"Usinipigie kelele, mke wangu."

"Nakupigia. Leo nakupigia mpaka jirani azime redio asikilize. Umenifundisha mwenyewe, sarafu zikiwa mbili unabaki na ile safi, iliyochakaa ndiyo inaenda. Leo umegeuza kila kitu. Umelewa au umelogwa?"

Sauti zilikuwa zinadunda ukutani, maana mapazia yalishashushwa, na nyumba ikishavuliwa mapazia inakuwa kama darasa siku za likizo, ukikohoa tu inakujibu. Mume na mke walikuwa wamekaa chini sebuleni, wametazamana, katikati yao shuka limetandazwa sarafu za kila aina, za shaba, za fedha, za tundu katikati, za kona nyingi. Upande wa mume kulikuwa na boksi. Upande wa mke, kopo la biskuti.

Mume alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Dakika, kwa sababu ukimpelekea saa yako anakwambia nipe dakika tu, halafu unaifuata mwezi ujao. Mke alikuwa keshia wa duka la mikate, jina lake la mtaani Chenji. Kama unataka kujua kwa nini, nenda dukani kwake asubuhi na mapema na noti kubwa, uombe mkate mmoja, uone utakavyotazamwa.

Walikuwa wanahama. Siku hizi watu wanavaa saa kama bangili, muda wanauangalia kwenye simu, kibanda cha Dakika kikawa kinaingia vumbi tu, wateja hakuna. Nyumba ikawashinda. Wakapata chumba na sebule upande mwingine wa mji, na huko lile kabati la sarafu lenye droo kibao halipiti hata mlangoni. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo sarafu ndizo walizokuwa wanazisumbukia kama watoto. Wakakubaliana hivi: zinazoenea kwenye kopo la biskuti zinabaki, nyingine zote ziende kwa mnunuzi.

Mnunuzi ni mama mmoja mwenye duka la vitu vya kale. Dakika alikuwa ameshakwenda kwake mara kadha wa kadha, alisema wanapatana bei. Chenji alimwona mara moja, mama mpole, nywele fupi, anaongea kama maneno anayanunua. Wakasalimiana vizuri, yakaisha.

"Huyo mama anakuibia mchana kweupe," Chenji akaendelea. "Hii ya fedha yenye ndege, uliyoifuata safari nzima ukalala stendi na baridi, hii inaenda. Halafu hii, imechakaa kama kitasa cha choo cha shule, hii inabaki. Nieleze basi, labda mimi ndiye sijui."

Dakika aliinama kwenye shuka. Aliiokota ile iliyochakaa, akaishika kwa ukingo isichafuke, kama anavyoshika siku zote, akaitumbukiza kwenye kopo.

"Angalia vizuri zinazobaki," akasema.

Chenji akalivuta kopo kwa hasira, akaanza kupekua. Ya tundu. Nyingine ya tundu. Yenye samaki. Nyingine yenye samaki. Kadiri alivyopekua ndivyo mkono ulivyokuwa unapunguza kasi.

Maana zile sarafu alizijua. Zamani, kabla hawajaoana, Dakika alikuwa anakuja dukani kununua skonzi moja moja ili arudishiwe chenji, aichambue palepale kaunta huku foleni inamtukana. Chenji akamwonea huruma, akaanza kumwekea pembeni. Akiona kwenye droo sarafu ya ajabu ajabu, anatoa yake anaweka, ile anaifunga kwenye karatasi ya mkate. Na Dakika kila akipokea anakimbilia dirishani penye mwanga, anageuza huku, anageuza kule, halafu anasema maneno yaleyale: "Chenji, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta." Siku moja alimbeba akamzungusha jikoni mpaka sufuria ya uji ikamwagika. Ndoa ilitokea hapo, na baada ya ndoa Chenji hakuacha kuleta.

"Zote ni nilizoleta mimi," akasema. Hasira ilishamtoka.

"Zote."

"Ndiyo maana hukunijibu."

"Ningekujibu nini."

Chenji akajifuta macho kwa ukingo wa khanga. Akamwambia mumewe ni mjinga, mjinga kabisa, watu wanahitaji kuishi na yeye anabakiza makombo ya droo. Alisema hivyo huku anacheka na kamasi zinamtoka. Dakika akatabasamu kidogo, hakumtazama. Akasema anakwenda kuoga kabla mkokoteni haujafika, boksi atalipeleka wakishahamia.

Maji yalipoanza kumwagika bafuni, simu ya Chenji ikaita. Alikuwa wifi yake, dada yake Dakika. Akauliza kama wameshafungasha. Chenji hata hakujibu la kufungasha, akaanza kumhadithia: wifi, nimegombana na kaka yako bure, kumbe anauza za thamani zote abaki na zangu, wanaume wa hivi wamebaki wangapi, niambie. Akasubiri kucheka kwa wifi, maana wifi naye kwa kucheka hajambo.

Wifi hakucheka.

"Kaka yuko hapo karibu?"

"Anaoga."

"Akitoka mwambie anipigie. Mwambie na mimi nimechoka."

"Umechoka na nini tena?"

"Mwambie hivyohivyo, wifi yangu. Ataelewa."

Simu ikakatwa. Chenji akaona labda ni mambo yao ya ukoo, hayo huwa hayaishi. Yeye moyo wake ulikuwa mwingine. Alikuwa ameamua jambo. Kama mume ameweza kujinyima hivyo kwa ajili yake, na yeye atamfanyia: ile ya fedha yenye ndege ataichomoa kwenye boksi kimyakimya, aifiche chini ya kopo. Wakifika kwenye chumba chao kipya, usiku wakiwa wamechoka, Dakika ataikuta. Kwa mnunuzi atakwenda mwenyewe kuomba radhi.

Akafungua boksi.

Ndege ilikuwa juujuu, akaichukua akaifumbata. Pembeni ya bahasha za sarafu zilisokomezwa fulana mbili za ndani. Sawa, zimewekwa sarafu zisigongane, fundi saa ana akili za hivyo. Chini ya fulana, miwani ya kusomea.

"Sasa na miwani inauzwa?" akajisemea, akacheka peke yake. Amesahau huyu mzee, atakuja kuitafuta usiku kucha.

Chini ya miwani, wembe na mswaki.

Chini ya mswaki, dawa zake za presha.

Chenji akaacha kupekua. Maji bafuni yakakatika. Alibaki amepiga magoti, mkono mmoja una ndege, mwingine una dawa, mpaka Dakika alipotokea. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nyumba nzima imefungashwa, pasi ilishafungwa kwenye gunia, na yeye ana shati limenyooka. Alilipiga lini?

"Hizi dawa unakunywa kila usiku," Chenji akasema. "Leo usiku ulikuwa unakwenda kunywea wapi?"

Dakika akaegemea ukuta. Halafu akateleza nao mpaka chini, akakaa.

Akasema yote. Hakuzungushazungusha, na pengine hapo ndipo palipouma zaidi, maana mtu akikudanganya bado unapata cha kugombania. Alisema alianza kwenda kwa yule mama kwa ajili ya sarafu kweli. Wakawa wanakaa. Chai ikawa chakula. Dada yake anajua, amekuwa akimpigia kila siku amwambie mkewe. Mpango wake ulikuwa kumhamisha Chenji kwanza, ampangie kitanda na kabati, kisha aage anapeleka boksi.

"Halafu?"

"Halafu nitume ujumbe."

"Umeshauandika?"

Dakika akagusa mfuko wa suruali.

"Usome."

"Chenji."

"Mimi sitaki kuusoma kwenye kioo cha simu. Niko hapa. Nisomee."

Akatoa simu. Miwani iko ndani ya boksi, ikabidi aisogeze simu mbali na uso, akaanza kusoma kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa: "Mke wangu. Nimeshindwa kukwambia mbele ya uso wako. Kabati la nguo nimelikaza skrubu, halitayumba. Bomba la jikoni linafungwa kwa kulia. Kopo la biskuti ni lako. Sitarudi. Nisamehe."

"Bomba linafungwa kwa kulia," Chenji akarudia polepole. "Ulikwenda kulijaribu kabisa."

"Nilikwenda."

"Kwa hiyo hujauza hata sarafu moja."

"Sijauza."

"Boksi linakwenda unakokwenda."

"Ndiyo."

"Basi sheria yako hukuivunja. Nzuri unabaki nazo. Iliyochakaa ndiyo umeiacha."

Dakika akaficha uso kwenye viganja. Akasema si hivyo, Chenji, wallahi si hivyo. Alibakiza zake kwa heshima. Aliona vibaya kumpelekea mwanamke mwingine vitu alivyoletewa na mkewe kwenye karatasi ya mkate.

"Ana nini huyo mama?" Chenji akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua tu. "Mimi nimekosa nini. Sema, leo hakuna atakayekufa."

Dakika akauchezea ukingo wa shati.

"Akiniletea sarafu niliyonayo, namwambia ninayo. Tunacheka, yanaisha."

Ilimchukua Chenji muda kuelewa. Ilipomwingia, akaliinamisha kopo, sarafu zikamwagika kwenye shuka. Akaokota ya tundu.

"Hii?"

"Nilikuwa nayo kabla sijakujua."

"Hii ya samaki?"

"Nilikuwa nayo."

"Na hii, uliyonizungusha jikoni mpaka uji ukamwagika?"

"Chenji, tuache."

"Ulikuwa nayo?"

"Tatu."

Akaendelea kuokota moja moja, anamwonyesha tu, hata haulizi. Dakika anaitikia kwa kichwa. Mwishowe Chenji akauliza kama kuna hata moja, moja tu, aliyokuwa hana. Ungeweza kumwona fundi wa watu anaitafuta kwa macho kwenye shuka lile, anaitafuta kweli, angeipata angeishukuru.

"Hakuna," akasema.

"Mbona ulikuwa unafurahi?"

"Nilifurahi kwa sababu wewe ulikuwa unafurahi."

"Hiyo si furaha?"

"Ilikuwa furaha. Halafu ikawa kazi. Nikisikia unafungua mlango na ile karatasi inalia mkononi, najiandaa. Natengeneza uso. Nimefanya hivyo mpaka nikasahau nikifurahi mwenyewe ninakuwaje."

Chenji hakulia. Alikuwa anapiga hesabu yake kimoyomoyo ya jioni zote alizotoka kazini miguu imevimba, akapitia njia ya mkato ili amuwahi mtu mwenye furaha. Kumbe alikuwa anamuwahishia kazi.

"Siku ya kwanza ungesema ninayo," akasema, "ningekuletea skonzi. Nisingekufa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Nje mtu wa mkokoteni alipiga hodi, akauliza waanze na kitanda au na makabati. Chenji akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya dukani, kwamba asubiri kivulini kidogo, wanamalizia kufunga. Kisha akazirudisha dawa kwenye boksi. Akarudisha mswaki, wembe, fulana. Miwani akaifuta kwanza kwa khanga, akaiweka juu ili isivunjike.

Ile ya ndege alikuwa bado ameifumbata.

"Hii nibaki nayo," akasema. "Moja tu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Dakika akasita. Alisogea mbele, mkono ukainuka wenyewe, mdomo ukafunguka halafu ukafungwa. Akaliona jicho la mkewe, akaushusha mkono. Lakini kusita kulishaonekana.

"Kuniacha mimi hukusita namna hiyo," Chenji akasema.

Akakifungua kiganja, akamnyooshea. Dakika hakuichukua. Ikabidi Chenji mwenyewe aitumbukize kwenye mfuko wa lile shati la pasi, aupige mfuko mara moja ulale vizuri, kama mama anayempeleka mtoto shule.

Dakika akasimama na boksi lake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mikono yote imeshika, hana wa kumfuta. Akasema basi angoje kidogo, amsaidie hata kupakia kitanda kwenye mkokoteni, ni kizito, hatakiweza peke yake na yule bwana.

"Usinisaidie," Chenji akasema.

"Kitanda tu."

"Ukinisaidia tena leo nitadhani unanipenda. Nenda."

"Chenji."

"Zile dawa usinywe kabla ya kula. Mwambie, yeye hajui."

Dakika akasubiri kama kuna neno lingine litakuja. Halikuja. Chenji alikuwa ameshainama, anakusanya sarafu za kwenye shuka kwa viganja vyote viwili, bila kuzishika kwa ukingo.

Akaufungua mlango kwa kiwiko, akatoka na boksi lake, akaurudisha kwa kisigino, ukajifunga.